Pigo Linapopanda Juu: Kasoro za Uso wa Gurudumu na Mwili wa Behewa la Mizigo

Mwaka 2023 ulikuwa na ajali mbili za treni za mizigo ambazo katika mazungumzo ya watu zimekwisha kugeuka ajali moja. Tarehe 3 Februari, katika mji mdogo wa East Palestine, jimbo la Ohio nchini Marekani, mabehewa 38 yaliacha reli, na 11 kati yake yalikuwa na kemikali za hatari. Tarehe 10 Agosti, ndani ya handaki la Gotthard nchini Uswisi, lenye urefu wa kilomita 57, treni ya mizigo iliyokuwa ikielekea kaskazini iliacha njia ikaharibu zaidi ya kilomita 7 za reli pamoja na mataruma ya zege yapatayo 20,000. Kote kuwili jibu la haraka lilikuwa kwamba gurudumu lilikuwa bovu.

Wachunguzi walikuta mambo mawili yasiyofanana. Ohio, beringi ilichemka mpaka ikafa na ekseli ikaachana na mahali pake. Gotthard, diski ya gurudumu lenyewe ilivunjika kwa nyufa zilizokua polepole chini ya mzigo unaojirudia, kile ambacho mafundi hukiita uchovu wa chuma. Ukiongeza ajali ya Llangennech, kusini mwa Wales, ya Agosti 2020, kisa kinakuwa cha tatu: breki ya behewa moja la mafuta ilibaki imeshika, magurudumu yakaburutwa bila kuzunguka, nyuso zake zikaharibika vibaya, na yalipofika kwenye makutano ya reli yakapotea njia. Mabehewa 10 kati ya 25 yaliacha reli, moto ukawaka, na lita 446,000 za dizeli zikamwagika.

Kuyachanganya haya kunaumiza, kwa sababu mtu anayeona tatizo moja hudai dawa moja. Mmoja atataka magurudumu yakaguliwe kila stesheni, mwingine atataka vitambuzi vya joto kando ya reli, wa tatu atataka breki zibadilishwe, na kila mmoja atadhani mwenzake hajaelewa. Swali la kujibu kwanza ni hili: kasoro iliyo juu ya uso wa gurudumu, pale panapokanyaga reli, inafanya nini hasa kwa sehemu nyingine za behewa? Tukilijua hilo ndipo tunaweza kupima ni wakati gani behewa litolewe kazini, kwa kipimo gani, na kwa gharama ya nani.

Kasoro zinavyozaliwa

Magurudumu mawili ya behewa husindikwa kwa nguvu kubwa kwenye ekseli moja, na yote huzunguka kama kitu kimoja. Mahali ambapo gurudumu linagusana na reli ni padogo sana, eneo linaloweza kufunikwa na ukucha wa kidole gumba. Tani zote za behewa hupitia hapo.

Kasoro inayojulikana zaidi ni bapa. Breki ikibana kuliko reli inavyoweza kulishika gurudumu, gurudumu huacha kuzunguka na kuburutwa. Msuguano hupandisha joto la ngozi ya chuma kupita nyuzi 700 za Selsiasi kwa muda mfupi mno, kisha chuma baridi kilicho chini yake humeza joto hilo mara moja. Matokeo yake ni tabaka la martensiti, chuma kigumu kama kigae na chenye kupasuka kama kigae. Kwa hiyo bapa huja na madhara mawili. Umbo la gurudumu linaharibika papo hapo, na ngozi ngumu inayobaki huanza kumeguka vipande baada ya siku au wiki, ikiacha mashimo. Na kwa kuwa magurudumu mawili ya ekseli moja huburutwa pamoja, mabapa nayo huzaliwa kwa jozi, upande huu na upande ule, kwenye pembe ileile.

Kumeguka kuna chanzo cha pili kisichohusu kuburutwa. Gurudumu lililobeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu hupata nyufa ndogo chini ya uso, ambazo hukua hadi magamba ya chuma yakabanduka. Kwa macho mashimo haya mawili yanafanana, lakini la kwanza linakuelekeza kwenye breki na la pili linakuelekeza kwenye mzigo, ugumu wa chuma na mipindo ya njia. Mkaguzi anayeandika "uso umemeguka" bila kutofautisha ameacha nje habari iliyo muhimu kuliko zote.

Zipo nyingine: gurudumu lililopoteza uduara wake taratibu bila alama inayoonekana, uso uliochimbika katikati kwa kulika, chuma kilichorundikana juu ya uso baada ya kuyeyuka, na nyufa za joto zinazokata uso kwa kukingama. Hizi za mwisho zina tabia ya peke yake, na nitazirudia.

Kuhusu bapa, hesabu moja inafaa kila msomaji aifahamu. Kina cha bapa hupatikana kwa kuzidisha urefu wake kwa wenyewe, kisha kugawa kwa mara nne ya kipenyo cha gurudumu. Kwa gurudumu la kipenyo cha milimita 860, bapa la milimita 30 lina kina cha robo milimita hivi. Bapa la milimita 60 lina kina cha milimita moja. Urefu ukiongezeka maradufu, kina huongezeka mara nne. Ndiyo maana tofauti ya milimita chache katika kanuni, ambayo mtu wa nje huiona ni ubishi wa makarani, kwa fundi ni tofauti kubwa.

Pigo linapita wapi

Gurudumu lenye kipenyo hicho lina mzingo wa mita 2.7. Katika kila kilomita bapa moja hugonga reli mara 370, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hugonga mara sita kila sekunde. Behewa likitoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, bapa hilo litakuwa limegonga karibu mara laki saba katika safari moja ya kwenda tu.

Kila pigo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kali na fupi mno, nayo huishia karibu na uso wa gurudumu na kichwa cha reli. Ya pili ni ya nguvu ndogo kidogo lakini hudumu zaidi, na hiyo ndiyo inayosafiri: chini hupita kwenye mataruma na kokoto, juu hupita kwenye ekseli na beringi. Ukubwa wake unategemea uzito wa vitu vyote vilivyo chini ya springi, yaani vitu vinavyopigwa bila kitu cha kulainisha pigo. Hapa ndipo aina ya bogi, yaani fremu inayobeba ekseli na springi chini ya behewa, inapoamua nani ataumia.

Bogi ya vipande vitatu, iliyoenea Amerika Kaskazini na katika sehemu kubwa ya Afrika, ina fremu mbili za pembeni na boriti moja ya katikati, na springi zake ziko kati ya boriti na fremu. Maana yake fremu ya pembeni imekaa karibu moja kwa moja juu ya beringi. Pigo la bapa linafika kwenye fremu likiwa bado na nguvu zake. Bogi ya Y25, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mabehewa ya Ulaya, ina springi juu ya kila kasha la beringi, hivyo fremu yake inapata nafuu. Beringi na ekseli hazipati nafuu katika bogi yoyote kati ya hizi mbili. Faida ya bogi ya vipande vitatu ni kwamba ni rahisi, ni imara kwenye njia iliyopinda na kushuka, na fundi yeyote wa karakana ya kawaida anaimudu. Bei ya urahisi huo hulipwa na chuma cha fremu pale magurudumu yanapopuuzwa.

Beringi ndiyo ya kwanza kuumia. Kanuni ya uhai wa beringi za rola inasema mzigo wa kudumu ukiongezeka maradufu, uhai hushuka hadi kama sehemu ya kumi. Pigo la bapa si mzigo wa kudumu, kwa hiyo kanuni hiyo haiwezi kutumika kwa kunakili tu, lakini mwelekeo wake ni huohuo. Rola huacha alama kwenye njia zake, kishikizo cha rola hupata nyufa, bolti za kifuniko cha mwisho hulegea, mpira wa kuzuia grisi huachia, na grisi ikishatoka au maji yakishaingia, joto huanza kupanda. East Palestine ilionyesha jinsi hatua hiyo ya mwisho ilivyo ya haraka. Vitambuzi vitatu vilivyofuatana vilisoma joto la beringi likiwa nyuzi 38 za Farenhaiti juu ya joto la hewa, kisha 103, kisha 253. Dereva alipata tahadhari kwenye kitambuzi cha tatu tu, na muda ulikuwa umekwisha. Anayetegemea joto peke yake anasubiri dalili ya mwisho ya ugonjwa ulioanza zamani.

Ekseli ina hatari ya namna yake. Sayansi ya uchovu wa chuma ilizaliwa kwenye ekseli za treni: ndizo alizochunguza August Wöhler katika reli za Prussia katikati ya karne ya 19. Ekseli inapozunguka, kila upande wake hubanwa na kuvutwa kwa zamu, mzunguko baada ya mzunguko, na mzigo hugawanyika sawa kuzunguka mwili wote. Bapa huharibu usawa huo. Kwa kuwa gurudumu na ekseli zimefungamana, pigo hutokea kila mara ekseli ikiwa katika pembe ileile, na hivyo mkazo wa ziada huangukia upande uleule wa chuma mara laki saba katika safari moja. Kama hapo pana kutu au mkwaruzo, ufa unapata chakula. Ekseli iliyovunjika Viareggio, Italia, tarehe 29 Juni 2009, na kusababisha vifo vya watu 32 baada ya gesi kulipuka, ilianza kwa ufa wa namna hiyo kwenye madoa ya kutu. Sisemi kwamba bapa ndilo lililoileta ajali ile. Nasema ekseli haisamehe, na kila kinachoongeza mkazo wake kinafupisha muda wa kuugundua ufa kabla haujaikata.

Juu ya hapo madhara yanatawanyika. Kabari za msuguano kwenye bogi hulika, springi hukatika, pini na fito za breki hutanua matundu yake, sahani ya katikati inayobeba mwili wa behewa hugongwa, na mishono ya kulehemu ya chasisi hufunguka. Mtu wa karakana huona kila kimoja kama uchakavu wa kawaida, hubadilisha pini leo na springi kesho, na hakuna karatasi inayounganisha uchakavu huo na gurudumu lililougongesha. Hili ndilo linaloniudhi zaidi katika mjadala wote: hasara kubwa ya bapa haina jina kwenye vitabu vya gharama, kwa hiyo huonekana haipo.

Joto ni ugonjwa tofauti

Gurudumu la kisasa huzimuliwa ukingoni likiwa kiwandani ili chuma cha ukingo kijibane chenyewe. Kubanwa huko hufunga nyufa ndogo zisikue. Breki inapokandamiza uso kwa muda mrefu, kama kwenye mteremko wa kilomita nyingi, ukingo hupata moto na kutaka kutanuka, lakini diski iliyo baridi inauzuia. Chuma kinalegea na kujipanga upya. Kikipoa, ule mbano wa kiwandani unakuwa umegeuka mvuto, na ufa uliokuwa umefungwa sasa unafunguliwa kila mzunguko. Gurudumu la namna hii linaweza kuwa duara kamili, lisigonge reli hata kidogo, na bado likawa hatari kuliko lenye bapa.

Gotthard iliwasha mabishano makali juu ya jambo hili. Uswisi ilikwisha kupiga marufuku shuu za breki za chuma cha kusubu kwa mabehewa ya mizigo tangu mwanzo wa 2020, kwa sababu shuu hizo hukwaruza uso wa gurudumu na treni ikapiga kelele zinazowanyima watu usingizi. Ujerumani nayo ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Shuu za mchanganyiko zilizochukua nafasi yake huacha uso laini na treni tulivu, lakini hazipitishi joto vizuri, hivyo sehemu kubwa zaidi ya joto huingia kwenye gurudumu. Wachunguzi wa Uswisi waliweka wazi wasiwasi wao juu ya mzigo huo wa joto, na mwaka 2025 mamlaka ya usafiri ikatangaza masharti makali zaidi, yakiwemo ya kipenyo cha chini cha gurudumu, kwa kuwa ukingo uliokerezwa mara nyingi na kuwa mwembamba hupata moto haraka. Wamiliki wa mabehewa walipinga wakisema nchi moja haiwezi kujiwekea kanuni wakati mabehewa yanavuka mipaka kila siku.

Pande zote mbili zina hoja. Watu wanaoishi kando ya reli wana haki ya kulala. Wamiliki nao hawakuchagua shuu hizo kwa hiari yao, waliamriwa. Lakini ukweli wa kifundi unabaki kwamba kasoro moja ya uso, yaani ukwaruzo, iliondolewa kwa njia iliyopandisha hatari ya kasoro nyingine, na ukaguzi haukubadilika kwa kasi ileile.

Wanaoshika rula

Juu ya namna ya kuzikabili kasoro hizi kuna misimamo mitatu. Wa kwanza, na wa kale zaidi, ni kupima bapa kwa rula na kuweka kikomo. Kanuni ya serikali ya Marekani inakataza bapa linalozidi inchi 2.5, kama milimita 63. Chama cha reli cha nchi hiyo, AAR, ni kikali zaidi: inchi 2, milimita 51 hivi. Mkataba wa pamoja wa mabehewa wa Ulaya unatumia milimita 60 kwa magurudumu yenye kipenyo kinachozidi milimita 840.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba mtu mmoja mwenye tochi na kipimo anaweza kuutekeleza katika stesheni yoyote, bila umeme na bila mtandao. Hauna ubishi: bapa limepita au halijapita. Udhaifu wake ni mkubwa vilevile. Bapa jipya lina kingo kali, linaonekana na linapimika. Likitembea kilomita elfu moja, kingo zake zinalainika, urefu wa shimo unaongezeka, na macho hayaoni tena linapoanzia wala linapoishia. Gurudumu lililopoteza uduara halina kitu cha kupimwa kwa rula kabisa. Isitoshe, behewa likiwa limesimama, sehemu ya gurudumu iliyo chini au nyuma ya shuu ya breki haionekani. Ukaguzi wa macho unakamata mabapa makubwa na mapya, na unayaacha mengi ya yale yanayokula beringi kimyakimya.

Wanaopima pigo lenyewe

Msimamo wa pili unasema tuache kupima umbo, tupime nguvu. Mitambo ya kupima mapigo ilianzia Marekani miaka ya 1980, baada ya mataruma ya zege kwenye njia ya Northeast Corridor kupata nyufa. Vitambuzi hubandikwa kwenye reli kwa urefu wa mita kadhaa, treni hupita kwa mwendo wake wa kawaida, na kila gurudumu hupimwa. AAR inaruhusu gurudumu liondolewe likipiga kwa paundi 90,000 au zaidi, yaani kilonyutoni 400.

Ni hatua kubwa mbele. Mtambo hauulizi kama kasoro ni bapa, shimo au kukosa uduara, unauliza inaumiza kiasi gani. Rekodi za safari zilizofuatana zinaonyesha gurudumu linaloharibika, na mwenye behewa anaweza kuliondoa likiwa karibu na karakana badala ya kulikata behewa njiani porini.

Hata hivyo namba hii haifai kunakiliwa bila kufikiri. Behewa zito la Marekani lina tani 16 hivi kwenye kila gurudumu, kwa hiyo kilonyutoni 400 ni kama mara mbili na nusu ya mzigo wa kawaida. Kwenye njia ya upana wa mita moja, behewa lenye tani 15 kwa ekseli lina tani 7.5 kwa gurudumu, na pigo hilohilo linakuwa zaidi ya mara tano ya mzigo ambao beringi, ekseli na reli vilikusudiwa kuubeba. Kikomo kinapaswa kufuata uzito wa ekseli na aina ya bogi. Tena nguvu ya pigo hubadilika na mwendo, na si kwa mstari ulionyooka: bapa jipya lenye kingo kali linaweza kupiga sana katika mwendo mdogo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Kupunguza mwendo, ambayo ndiyo amri inayotolewa haraka zaidi, si lazima kuwe nafuu kwa behewa hilo. Na juu ya yote, mtambo huu hauoni nyufa za joto. Gurudumu la aina ya lile la Gotthard lingeweza kupita juu yake bila kengele kulia.

Wanaoanzia kwenye breki

Msimamo wa tatu unasikika zaidi karakana kuliko kwenye mikutano: gurudumu ni mleta habari tu, mgonjwa ni breki. Bapa halijiumbi. Lipo kwa sababu breki ya mkono iliachwa imefungwa, au valvu haikuachia, au kifaa kinachopunguza nguvu ya breki behewa likiwa tupu hakifanyi kazi. Behewa lenye tani 15 kwa ekseli likiwa limejaa linaweza kubaki na tani 4 au 5 likiwa tupu. Breki ikilibana kana kwamba limejaa, magurudumu yatafunga hata kwenye reli kavu.

Llangennech ndiyo ushahidi wa msimamo huu. Hapakuwa na kosa la kiwandani kwenye chuma cha gurudumu. Vifungio vya sehemu ya mfumo wa breki vililegea, hewa ikapita pasipotakiwa, breki ikashika na kubaki imeshika. Kulikereza gurudumu kwa mashine na kulirudisha chini ya behewa lenye valvu ileile ni kuandaa bapa lingine. Na kukereza kuna gharama yake: ili kuondoa bapa la kina cha milimita moja, fundi hulazimika kukata zaidi ya hapo kufikia chini ya tabaka gumu, tena kwa magurudumu yote mawili ya ekseli. Kila ukataji hupunguza unene wa ukingo, na ukingo mwembamba, kama tulivyoona, hauvumilii joto.

Udhaifu wa msimamo huu ni muda. Breki ikitengenezwa leo, magurudumu yaliyokwisha kuharibika yanaendelea kupiga kesho. Pia hausemi lolote juu ya mashimo yanayotokana na mzigo. Huko swali ni la chuma: magurudumu ya daraja C ya Marekani yana kaboni ya asilimia 0.67 hadi 0.77, na chuma cha ER7 cha Ulaya hakizidi asilimia 0.52. Kaboni nyingi huleta ugumu unaostahimili mizigo mizito na kulika polepole, lakini chuma hicho hugeuka martensiti kwa urahisi zaidi kinapoburutwa. Anayenunua magurudumu anachagua ni kasoro ipi aishi nayo.

Anayesababisha na anayelipa

Kama behewa, reli na karakana ni mali ya shirika moja, hasara yote ya bapa inarudi nyumbani, hata kama imefichwa kwenye mafungu tofauti ya bajeti. Mambo hubadilika mwenye behewa anapokuwa mwingine na mwenye reli mwingine. Mwenye behewa hulipa beringi na springi, lakini mataruma yaliyopasuka na reli iliyokatika hulipwa na mwenye njia. Gotthard ilikadiriwa kuwa na hasara ya karibu faranga milioni 150, na handaki halikurudi kazini kikamilifu hadi Septemba 2024. Tangu hapo ubishi mkubwa umekuwa juu ya kiwango cha dhima ya mwenye behewa.

Afrika Mashariki inaelekea huko. TAZARA imekwisha kupitisha treni za kampuni binafsi kwenye njia yake, na Tanzania inataka waendeshaji zaidi. Mkataba unaoweka ada kwa kila tani na kilomita pekee unamtendea sawa mwenye magurudumu laini na mwenye magurudumu yanayopasua njia. Ada inapaswa kupanda kadiri pigo linavyopanda, na hilo linawezekana tu kama pigo linapimwa.

Mizani kwa njia zetu

Nikiweka misimamo hii kwenye mizani, sioni sababu ya kuchagua mmoja na kuitupa mingine, lakini mpangilio wake una maana, na mpangilio huo hautakuwa uleule kwa kila njia.

Kwenye reli ya kisasa ya Kenya kati ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa 2017 kwa ekseli za tani 25, kontena nyingi hupanda kutoka bandarini zikiwa zimejaa, na nyingi hushuka tupu, kwa kuwa nchi inaagiza kuliko inavyouza nje. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Maana yake kazi kubwa ya breki hufanywa na mabehewa mepesi, yale yaliyo rahisi kufunga magurudumu. Hapo adui wa kutarajiwa kwanza ni bapa, na kile kifaa kinachopunguza nguvu ya breki behewa likiwa tupu kinastahili ukaguzi kabla ya kitu kingine chochote. TAZARA hali ni kinyume. Shaba ya Zambia hushuka kuelekea bandari ya Dar es Salaam ikiwa mzigo mzito, kupitia mteremko mrefu wa Makambako hadi Mlimba. Hapo joto ndilo la kuogopwa, na swali la kwanza kwa mkaguzi liwe rangi ya ukingo, nyufa za kukingama na unene wa ukingo uliobaki. Njia mpya ya Tanzania, iliyosanifiwa kwa ekseli za tani 35, itakuwa na tatizo la mzigo wenyewe: mashimo ya uchovu ambayo rula haiyaoni mapema.

Kwa hiyo mitambo ya kupima mapigo iwekwe kwanza pale treni nyingi zaidi zinapopita zikiwa zimejaa, karibu na milango ya bandari, ambako mtambo mmoja unaweza kuona karibu kila behewa. Kikomo kiwekwe kwa uwiano wa mzigo wa gurudumu, na si kwa namba ya Marekani. Rula ibaki mkononi mwa mkaguzi kwa stesheni za mbali, ikiwa na kikomo kikali zaidi kwa mabehewa yenye bogi za vipande vitatu, ambayo fremu zake hazina springi ya kuzikinga. Lakini kabla ya mtambo wowote kununuliwa, lipo jambo lisilohitaji dola nyingi: kila jozi ya magurudumu inayotolewa kwa bapa iende karakana na kadi yenye namba ya behewa, aina ya kasoro, matokeo ya jaribio la breki la behewa hilo, na hali ya beringi na fremu zilizokuwa juu yake. Behewa lisirudi kazini kabla breki yake haijajaribiwa likiwa tupu na likiwa na mzigo. Kadi hizo zikikusanywa mwaka mmoja tu, shirika litajua ni mabehewa gani yanayozaa mabapa, ni mteremko gani unaochoma magurudumu, na ni kiasi gani cha fedha za beringi, springi na ekseli kilichokuwa kikiandikwa kama uchakavu wa kawaida.